Kwa nini mtoto wangu anasoma miungu? Visasili na fasihi ya kale kwa anayeanza

Jumamosi moja ya mwezi wa kwanza, katika soko la Mbuyuni hapa Moshi, mama anayeniuzia ndizi mshare aliniita nizunguke nyuma ya meza yake. Binti yake, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, alikuwa amekuja kumsaidia asubuhi akasahau desa lake juu ya mikungu: karatasi ishirini na kitu zilizobanwa kwa pini, zimepigiwa mistari kwa kalamu ya kijani. Mama alifunua ukurasa wa pili, akaweka kidole.

"Mwalimu, hebu nisomee hapa. Anu, Enlil, Ishtar. Ni akina nani hawa?"

"Miungu ya watu wa Mesopotamia, mama. Watu wa zamani sana, kule iliko Iraki ya leo."

"Yaani mimi nauza ndizi, mtoto anakwenda kusomea miungu?"

Hakuniuliza kwa hasira. Aliniuliza kwa hofu, na hofu hiyo nimekutana nayo mara nyingi: kwenye jumuiya, kwenye Hiace ya kwenda Arusha, hata kwenye kikao cha harusi ambako mzee mmoja alisimama kulalamika kwamba vyuo siku hizi vinafundisha watoto habari za mapepo. Kuna pia wanafunzi wenyewe, wanaolichukulia somo hili kama hadithi za kulalia, kitu cha kukariri wiki moja kabla ya mtihani. Mama nilimjibu kwa maneno machache kwa sababu wateja walikuwa wamesimama wanasubiri. Jibu lake refu ni hili.

Maneno kwanza

Somo lenyewe liko ndani ya taaluma tunazoziita insia, yaani taaluma zinazomchunguza mwanadamu kwa yale aliyoyasema, aliyoyaandika, aliyoyaamini na aliyoyatengeneza: lugha, fasihi, historia, falsafa, dini, sanaa. Neno lenyewe lina "insi" ndani yake, yule yule wa "majini na insi". Mwanafunzi anayeanza hupewa kozi ya utangulizi ambamo husoma vipande vya fasihi ya kale kutoka pande mbalimbali za dunia, na sehemu kubwa ya fasihi hiyo ni visasili.

Kisasili ni hadithi inayoeleza asili ya jambo: ulimwengu ulianzaje, mtu alitoka wapi, kwa nini tunakufa, kwa nini mlima ule una umbo lile, kwa nini ukoo wetu hauli nyama fulani. Watu waliokuwa nayo waliichukua kuwa ni ya kweli na nzito. Hapo ndipo inapoachana na ngano ya sungura na fisi, ambayo hata mtoto anajua ni ya kuchangamsha jioni. Kisakale kiko katikati: kinamhusu shujaa anayeaminika kwamba aliishi, kama Fumo Liyongo wa pwani, lakini mambo yake yamekuzwa kupita kimo cha mtu. Tarihi nayo hufuata matukio na tarehe: Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900, na hiyo si kisasili wala kisakale, ni jambo lililotokea.

Mkanganyiko mkubwa unaletwa na Kiingereza. Neno wanalotumia Waingereza kwa kisasili, myth, wanalitumia pia kwa uvumi au imani potofu, na watafsiri wetu wa redioni na mitandaoni wamelibeba hivyo hivyo. Kwa hiyo kijana anapomwambia mzazi kwamba anasoma somo hilo, kinachosikika ni kwamba analipiwa ada akasomee uongo. Asili ya neno hilo ni Kigiriki, muthos, na kwa Wagiriki wa kale lilianza likiwa na maana ya neno, usemi, hadithi. Hukumu ya kweli au uongo ilikuja baadaye.

Sasa tuichukue hadithi ambayo kila mtu wa hapa anaijua, ya Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya Mlima Kilimanjaro. Moto wa Mawenzi ulizimika. Akaenda kwa jirani yake Kibo kuomba kaa, akamkuta anatwanga ndizi kavu kwenye kinu. Kibo akampa kaa la moto, na ndizi za kula njiani. Mawenzi akanogewa. Alipofika mbali kidogo akalizima lile kaa mwenyewe, akarudi: "Jirani, moto umezimika tena." Akapewa tena, moto na ndizi. Alipokuja mara ya tatu, Kibo akachukua mchi akamtandika nao, na ndiyo maana hadi leo Mawenzi amechongoka na kuvunjikavunjika, na Kibo amekaa mviringo wake chini ya theluji.

Mwanafunzi wa jiolojia atakwambia jambo jingine. Mawenzi, wenye mita 5,149, ni volkano iliyozimika zamani zaidi na kumomonyolewa kwa muda mrefu mpaka ukabaki uti wake wa mwamba mgumu. Kibo, wenye mita 5,895, una umri mdogo zaidi, ndiyo maana umbo lake bado limekamilika. Maelezo hayo ni sahihi na hadithi ya mchi haiwezi kushindana nayo. Lakini yule aliyesimulia habari ya mchi hakuwa akifanya jiolojia vibaya. Alikuwa anazungumza habari ya ujirani: moto ni kitu kisichonyimwa, chakula hupewa mgeni hata kama hakuomba, na ukarimu una mahali unapofika ukakatika. Akautumia mlima ambao kila mtu anauona asubuhi akifungua mlango, ili somo lisisahaulike. Hadithi imedumu kwa sababu tabia ya Mawenzi ipo katika kila mtaa, na kila mtu ana jirani anayemfikiria anapoisikia.

Ukielewa hapo, umeelewa nusu ya kozi. Swali la darasani ni hili: waliosimulia walikuwa wanahangaika na jambo gani, na kwa nini walichagua picha hii kulisemea?

Mfalme aliyekataa kufa

Lile desa la binti wa Mbuyuni lilikuwa la Gilgamesh, na vyuo vingi huanza naye kwa sababu ni katika kazi ndefu za fasihi zilizo kongwe kuliko zote tulizonazo. Gilgamesh alikuwa mfalme wa Uruk, mji wa Mesopotamia. Hadithi zake ziliandikwa kwa kuchora alama juu ya bamba za udongo mbichi kwa kijiti cha tete kilichochongwa, alama ndogo za pembe pembe ambazo ukizitazama kwa mbali ni kama kuku wamepita juu ya tope. Maandishi yaliyo kamili zaidi yana bamba 12, na yalipewa umbo hilo zaidi ya miaka 3,000 iliyopita.

Zilivyotufikia ni habari yenyewe. Mfalme Ashurbanipal wa Ashuru, katika karne ya 7 kabla ya Kristo, alikusanya maktaba kubwa katika mji wake wa Ninawi, ule ule wa nabii Yona. Mwaka 612 kabla ya Kristo maadui waliuteka mji wakauchoma. Karatasi ingeteketea. Udongo uliiva. Aliyewahi kusimama kando ya tanuru la matofali anaelewa: kilichoingia kikiwa laini kilitoka kigumu, kikalala ardhini zaidi ya miaka 2,400 mpaka wachimbaji walipokifukua katikati ya karne ya 19. Desemba 3, 1872, George Smith, mfanyakazi wa makumbusho ya Uingereza aliyejifunza kuyasoma maandishi hayo, alisimama mbele ya wasomi London akawasomea bamba la 11. Lilikuwa na habari ya gharika: mtu mmoja ameambiwa ajenge chombo, apakie viumbe hai, mvua ikanyesha, chombo kikakwama mlimani, akatuma ndege kuangalia kama maji yamepungua. Njiwa, mbayuwayu, kunguru. Kila aliyekuwa mle ndani alijua sura ya 8 ya Mwanzo. Nitalirudia hilo.

Hadithi yenyewe kwa ufupi. Gilgamesh ni mfalme mwenye nguvu za kupita kiasi anayewachosha watu wake. Miungu wanamuumba Enkidu, mtu wa porini, awe kifani chake. Wanapigana, kisha wanakuwa marafiki wa chanda na pete. Halafu Enkidu anaugua, anakufa kitandani. Gilgamesh anakataa kumzika, anakaa na maiti mpaka funza linadondoka puani. Hapo ndipo anapoelewa kwamba yeye naye atakufa, anavaa ngozi na kwenda kutafuta dawa ya kifo.

Anamfikia Utnapishtim, yule aliyeokoka gharika na kupewa uzima usio na mwisho. Mzee anamwambia: unataka kushinda kifo? Basi shinda usingizi kwanza, ukae macho siku sita na usiku saba. Gilgamesh anakaa chini, na palepale usingizi unamfunika kama ukungu. Mzee anajua kwamba akiamka atabisha, kwa hiyo anamwambia mkewe aoke mkate mmoja kila siku na kuuweka kichwani pa mgeni. Gilgamesh anapogutuka anasema, "Ndiyo kwanza nimesinzia." Anaonyeshwa mikate: wa kwanza umekauka, mwingine umekuwa mgumu kama ngozi, mwingine umevunda, mwingine umegeuka mweupe, mwingine umeota ukungu, wa sita bado ni mzuri, wa saba ungali juu ya makaa. Sijawahi kuisoma sehemu hiyo darasani bila darasa kunyamaza. Mtu anayetaka kuishi milele ameshindwa wiki moja, na ushahidi ni mkate uliooza, kitu ambacho kila nyumba inakijua.

Mke wa mzee anamhurumia mgeni, na Gilgamesh anaambiwa siri: kuna mmea chini ya maji unaomrudisha mtu aliyezeeka ujanani. Anajifunga mawe miguuni, anazama, anaupata. Hauli yeye kwanza. Anasema ataupeleka Uruk ampe mzee mmoja aujaribu. Njiani anaona kisima cha maji baridi, anaingia kuoga. Nyoka ananusa harufu ya mmea, anauchukua, na anapoondoka anavua gamba lake na kuliacha pale. Gilgamesh anakaa chini analia.

Babu na mjukuu wake

Niliposoma kipande hicho mara ya kwanza nilishtuka, kwa sababu gamba lile nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimelisikia nikiwa mtoto, jikoni kwa bibi, kijiji cha juu huku kihambani.

Kwa Wachagga, Ruwa, yaani Mungu, alikuwa amewapa watu njia: ukizeeka sana utavua ngozi yako kama nyoka, uwe kijana tena, ila asikuone mtu yeyote ukiwa katikati ya kuvua. Babu mmoja siku yake ilipofika alimtuma mjukuu wake wa kike mtoni kuteka maji, akampa kibuyu chenye matundu ili akawie. Mtoto alikuwa na akili. Akaziba matundu kwa udongo, akajaza, akarudi mapema. Akamkuta babu yake ametoka kwenye ngozi nusu. Babu akalia: basi na iwe hivyo, mimi nimekufa, na ninyi nyote mtakufa.

Magharibi ya nchi yetu, Wafipa na Wabende wana yao. Mungu, Leza, alishuka akauliza viumbe vyote, "Nani hataki kufa?" Watu na wanyama wengine walikuwa wamelala. Aliyekuwa macho ni nyoka peke yake, akajibu, "Mimi." Tazama usingizi unavyorudi hapa, usingizi ule ule uliomshinda Gilgamesh.

Na Wamaasai, majirani zetu, hawana nyoka katika hadithi yao ya kifo, wana mwezi. Mtu mmoja aitwaye Leeyio alifundishwa kwamba mtoto akifa aseme: "Mtu, kufa, urudi tena, mwezi, kufa, usirudi." Akafa mtoto ambaye hakuwa wake. Leeyio, kwa kuwa halimhusu, akageuza maneno: mtu afe asirudi, mwezi ufe urudi. Baadaye akafa mtoto wake mwenyewe. Akasema maneno sahihi, na hayakufaa tena. Hadithi hii iliandikwa na Mwingereza A. C. Hollis katika kitabu chake cha mwaka 1905, na kwa maoni yangu hakuna kisasili cha kifo kinachouma kuliko hiki, kwa sababu kosa la Leeyio ni ubinafsi mdogo tu, wa aina tunayoifanya kila siku bila kujua kwamba mlango unafungwa.

Je, nani alimwiga nani?

Hapa ndipo mabishano huanza, na ndipo uvumi mwingi unapozaliwa. Wapo wanaosema hadithi zote zilitoka chanzo kimoja. Wapo wanaosema fulani kaiba kwa fulani. Majibu haya mepesi yanapendwa sana mitandaoni, na kozi nzuri humfundisha mwanafunzi kuyaogopa.

Nilimweleza yule mama kwa ndizi zake. Wachagga wana mtori, Wahaya wana matoke. Hakuna anayesema mpishi wa Machame alimwibia mpishi wa Bukoba. Wote wana migomba mlangoni, na mtu mwenye ndizi na njaa atapika ndizi. Vivyo hivyo nyoka anavua gamba kila mahali duniani, na kila mahali watu wanazeeka na kufa. Mtu yeyote mwenye macho anaweza kuviweka viwili hivyo pamoja bila kuazima kwa mtu.

Lakini ndizi zenyewe zilisafiri. Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, zikavuka bahari hadi Afrika zamani sana, halafu kila mahali zikapata upishi wake. Hadithi nazo husafiri: kwa misafara, kwa ndoa, kwa vita, kwa utumwa, kwa biashara. Habari ya gharika ya Mesopotamia na ile ya Nuhu zinafanana mno, mpaka kwenye ndege wa kutumwa, na zilitoka kwa watu waliokuwa majirani. Waisraeli waliwahi kuishi uhamishoni Babeli. Hapo wasomi wengi wanaona undugu. Hata hivyo undugu si nakala. Katika bamba la 11 miungu wanaogopa gharika waliyoileta wenyewe, na baadaye wanakusanyika kwenye sadaka kama nzi. Katika Mwanzo kuna Mungu mmoja, kuna haki na uovu, na mwishoni kuna agano na upinde. Mwenye kusoma kwa makini huzingatia zaidi pale hadithi mbili zinapoachana, kwa sababu hapo ndipo kila jamii inaposema lililo lake.

Mfano mwingine wa tahadhari. Karibu kila mwanafunzi huja akijua kwamba Achilles, shujaa wa Wagiriki, aliuawa kwa mshale wa kisigino, na wengi wanadhani limeandikwa na Homer, mshairi wao wa kale. Soma Iliad yote, mistari zaidi ya 15,000, hutaona kisigino. Utenzi unaisha Achilles akiwa hai, na habari ya mama yake kumchovya katika mto akimshika kisigino tunaikuta kwa mshairi wa Kirumi, Statius, karne nyingi baadaye. Liyongo wetu naye haingiliwi na silaha isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe mwenyewe. Mwanafunzi huona kisigino na kitovu, akaandika "zinafanana", akaweka kalamu chini. Namrudishia karatasi. Achilles wa masimulizi hayo anauawa na adui vitani, Liyongo anauawa na mtoto wake aliyehongwa. Hofu hizo mbili ziko mbali sana.

Mambo ya imani

Sasa hofu kubwa ya mama: mtoto hatapotea?

Nilimkumbusha kwanza kalenda aliyoitundika dukani kwake. Januari ni jina la Janus, mungu wa Warumi wa milango, mwenye nyuso mbili. Machi ni Mars, mungu wa vita. Tunaandika majina hayo kwenye risiti na kwenye vyeti vya ubatizo, wala hakuna anayewachinjia mbuzi. Kujua jina lilikotoka si kulisujudia.

Kisha nikamwambia afungue Matendo ya Mitume, sura ya 14, akifika nyumbani. Paulo na Barnaba wako Listra, Paulo amemponya kiwete, na watu wanapiga kelele kwamba miungu imeshuka. Barnaba wanamwita Zeu, Paulo wanamwita Herme. Kwa nini Paulo awe Herme? Biblia inasema kwa sababu ndiye aliyekuwa mnenaji. Msomaji asiyejua kwamba Herme alikuwa mjumbe na msemaji wa miungu kwa Wagiriki anapita juu ya mstari huo bila kuonja chochote. Mbele kidogo, sura ya 17, Paulo mwenyewe yuko Athene anawahubiria watu kwa kunukuu washairi wao: sisi sote tu wazao wake. Mstari huo umo katika utenzi wa Aratus, mshairi wa Kigiriki aliyekuwa anamsifu Zeu. Paulo aliusoma, akaujua, akautumia kazini mwake. Waislamu nao wana njia hiyo kwao: wafasiri wa Kurani kwa karne nyingi wameyategemea mashairi ya Waarabu wa zama za kabla ya Uislamu ili kupata maana sahihi ya maneno magumu.

Kuna jambo moja ambalo walimu wenzangu tunatakiwa kulichunga. Baadhi ya maandishi tunayoyaweka chini ya jina la visasili ni dini hai ya mtu aliyekaa benchi la mbele. Ramayana husomwa kama fasihi ya kale ya India, lakini kwa familia za Kihindu za Arusha na Moshi habari ya Rama kurudi Ayodhya ni sehemu ya taa wanazowasha siku ya Diwali. Mwalimu akiizungumza kwa dharau amekosa adabu, na amekosa pia usomi. Ndiyo maana darasani hatuulizi kama ni ya kweli. Swali hilo mtu ataenda nalo kanisani, msikitini, hekaluni au kwa wazee wake. Darasani tunauliza inasema nini na inasemaje.

Inasomwaje

Wanaoanza hudhani kazi yao ni kukariri majina ya miungu. Majina ni ya kujulia nani ni nani tu. Kazi ni kusoma kipande kidogo polepole, na kukiuliza: nani anasimulia, kwa nani, lini, na nani alikiandika?

Hilo swali la mwisho linatuhusu sana. Hadithi nyingi za Kichagga zilizomo vitabuni ziliandikwa na Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani wa Kilutheri aliyefika huku mwaka 1902 na kuishi kwa miongo kadhaa. Tunamshukuru, maana bila yeye mengi yangezikwa na wazee wale. Lakini alisikia kwa Kichagga akaandika kwa Kijerumani, na alikuwa mchungaji. Ukikuta katika maandishi ya zama zile habari za Ruwa zinazofanana sana na bustani ya Edeni, lazima uulize: zilikuwa hivyo kabla ya misheni, au msimulizi alizipanga kwa ajili ya masikio ya mgeni? Pengine hatuwezi kujibu. Kuuliza tu kunamfanya msomaji awe mwangalifu na kila andiko, hata la gazetini.

Jingine linalowashangaza ni kwamba sehemu kubwa ya fasihi hii haikuanza kwa maandishi. Miaka ya 1930 Mmarekani Milman Parry alikwenda Yugoslavia kuwarekodi waimbaji wa tendi wasiojua kusoma. Alikuta kwamba hawakukariri neno kwa neno. Walikuwa na mafungu ya maneno yaliyo tayari, yanayoingia kwenye mapigo ya wimbo, wakayapanga papo hapo. Ndiyo siri ya Homer kurudia rudia "alfajiri yenye vidole vya waridi". Fikiria mshereheshaji hodari wa harusi hapa mjini: ana maneno yake ya kumkaribisha bibi harusi, ya kumsifu mama mzazi, ya kuvuta muda chakula kikichelewa. Kila Jumamosi ni harusi nyingine, na kila Jumamosi anayapanga upya. Mtunzi wa Kiswahili wa utenzi naye alibanwa na mizani nane kila mstari na kina kimoja cha mwisho kinachorudi ubeti hata ubeti, na ndani ya banio hilo Mwengo wa Athumani wa Pate alitunga Utenzi wa Tambuka mwaka 1728.

Hapa ninalo la kulalamikia. Kozi nyingi huanza Mesopotamia, zikakaa Ugiriki wiki nne, na Afrika ikabanwa wiki ya mwisho wakati wanafunzi wanawaza mtihani. Mashujaa wa tendi zetu, Sunjata wa Mali, Mwindo wa Wanyanga wa Kongo, Liyongo, wote wanapangwa siku moja. Matokeo yake kijana wa Kibosho anamaliza kozi akijua nasaba ya Zeu na hajui kwamba hadithi ya bibi yake ingekaa meza moja na bamba la 11. Mimi huanza nyumbani. Wiki ya kwanza kila mwanafunzi anampigia simu mzee mmoja wa kwao na kuandika hadithi moja ya asili, kwa maneno ya mzee huyo, bila kuisafisha. Gilgamesh huja baadaye, na akija wanampokea kama mtu waliyekwisha kusikia habari zake.

Kuhusu ajira, sitamdanganya mzazi: hakuna tangazo la kazi linalotafuta mjuzi wa Enkidu. Kozi hii ni moja kati ya nyingi katika shahada. Inampa mtu uwezo wa kusoma maandishi magumu bila kukimbia, kupima dai kabla ya kulisambaza, na kusimulia jambo likaeleweka. Kijana anayeongoza wageni kutoka lango la Marangu, akijua jiolojia ya Mawenzi na hadithi ya mchi, na akijua kuzitenganisha, wageni watamsikiliza njia nzima.

Wiki mbili baadaye nilirudi kununua mshare. Mama alikuwa amempigia binti yake simu akamsimulia habari ya babu na kibuyu, kama anavyoijua yeye. Kwao, alisema, mjukuu aliziba matundu kwa nta. Binti alikuwa ameiandika na kuipeleka darasani.

"Na yule mfalme wenu," akaniuliza akinifungia ndizi, "aliyeibiwa dawa na nyoka. Alifika kwao?"

Nikamwambia alifika. Bamba la 11 linaishia hapo: anafika Uruk na yule mwenye mashua aliyemvusha, wakiwa mikono mitupu, anamwambia apande juu ya ukuta wa mji, atembee, akague msingi, atazame kama si matofali ya kuchoma.

Akafikiri kidogo. "Huo ukuta bado upo?"

Magofu yapo, nikamwambia, kusini mwa Iraki, mahali panapoitwa Warka. Mchanga umefunika sehemu kubwa, lakini watu bado wanachimba.